Stesheni Isiyo na Mwenyewe

Babati haina stesheni ya gari la moshi, wala haijapata kuwa nayo. Mji huu ulizaliwa na barabara, ukalelewa na barabara, na mpaka leo waishi kwa barabara: moja yaenda Arusha, moja yaenda Singida, na moja yaenda Kondoa na Dodoma. Hii ya tatu ilizinduliwa kwa lami mwaka 2018, na tangu hapo malori ya kaskazini na ya kati hukutana hapa usiku na mchana. Basi mtu akisimama Babati akazungumza habari za stesheni zilizokufa, huonekana kama mtu aliaye katika matanga ya watu asiowajua. Huulizwa: reli yatuhusu nini sisi? Wapo wasemao kwamba reli ni chombo kilichopitwa na wakati. Wapo wengine wasemao kwamba stesheni zile ni magofu ya wakoloni, na magofu ya wakoloni na yaanguke.

Nami nasema yatuhusu, tena yatuhusu sasa kuliko wakati mwingine wowote. Katika mipango ya serikali ya reli ya kisasa kutoka Tanga kupitia Arusha mpaka Musoma, limo tawi la kuja Minjingu, ndani ya wilaya ya Babati. Minjingu ni mahali pa fosfeti, mawe ya mbolea yatokanayo na vinyesi vya ndege wa ziwa la kale. Kama tawi hilo litajengwa, litakuwa na stesheni, na stesheni hiyo itakuwa ya kwanza katika ardhi yetu. Kabla ya kupiga vigelegele, yatupasa kuuliza stesheni za namna hiyo, zilizojengwa vijijini kwa ajili ya mzigo wa aina moja, ziliishi umri gani na zilikufa kwa ugonjwa gani. Nchi hii imezika kadhaa. Asiyekwenda kuyasoma makaburi yao atachimba jingine.

Hoja yangu ni moja. Stesheni ya shamba haifi kwa sababu gari la moshi limezeeka. Hufa kwa sababu ilijengwa kwa mzigo mmoja wa tajiri mmoja, na watu waliokaa kando yake hawakuhesabiwa kamwe kuwa wenyewe. Siku tajiri aondokapo, daftari husema hakuna kazi, na reli hung'olewa mbele ya macho ya watu ambao hakuna aliyewauliza neno.

Tuanze kwa jirani. Ukitoka Babati, ukaupita mlima Hanang' na mji wa Katesh, ukafika Singida na kuendelea kaskazini, utaingia nchi ya Iramba na Mkalama. Huko kuna mahali paitwapo Kinyangiri. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 serikali ya Kiingereza ya Tanganyika ilitoa tawi katika Reli ya Kati. Lilianza Manyoni, likapita Singida, likaishia Kinyangiri, mwendo wa maili tisini na kitu. Wakati ule dunia nzima ilikuwa katika dhiki ya biashara, bei za mazao zilikuwa zimeanguka, na tawi halikuleta faida. Katika miaka ya 1940 likafungwa, na reli zikang'olewa. Gari la moshi lilikwenda Kinyangiri kwa muda mfupi kuliko umri wa ng'ombe wawili waliofuatana, kisha likatoweka kama kwamba halikuwako.

Lakini mashamba ya Singida hayakutoweka, wala watu wake. Miongo mingi baadaye, nchi ikiwa huru, serikali ilijenga upya njia kutoka Manyoni kwenda Singida. Lililohukumiwa kuwa halina faida likaonekana kuwa halina budi. Nchi moja, masikini wa fedha, ikalipa mara mbili kwa njia moja. Hata hivyo njia ya pili iliishia Singida mjini. Kinyangiri haikurudishiwa chake. Hii ndiyo adhabu ya kung'olewa: hata haki irudipo, haiji mpaka mlangoni pa yule aliyenyang'anywa.

Habari ya Kinyangiri ni fupi. Habari ya Nachingwea ni ndefu zaidi, nayo ndiyo ifundishayo. Ni mbali na Babati, upande wa pili wa nchi, lakini ugonjwa ni ule ule.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Mwaka 1946 ulibuniwa mpango wa kulima karanga katika Tanganyika kwa matrekta, ekari zaidi ya milioni tatu, katika sehemu za Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa ajili ya mpango huo ilijengwa reli mpya ya kusini. Mwaka 1949 ilianza kazi kutoka Mkwaya, kwenye hori la Lindi, mpaka Nachingwea. Mwaka 1954 iliunganishwa na bandari mpya ya Mtwara, bandari ya maji marefu ambayo meli kubwa zaweza kufunga gatini. Mwaka 1958 tawi likaelekea Masasi. Njia ya Mtwara mpaka Nachingwea ilizidi kilomita 200, ikiwa na madaraja, matuta, nyumba za wafanyakazi na stesheni zake.

Angalia sasa tarehe hizi kwa makini. Mpango wa karanga ulivunjwa mwezi wa Januari mwaka 1951. Udongo ulikuwa mgumu kama saruji wakati wa kiangazi, mvua hazikutii kalenda ya London, visiki vya miti vilivunja matrekta, na hasara iliyofutwa katika vitabu ilikuwa kiasi cha pauni milioni 36. Maana yake ni kwamba reli ilifika bandarini Mtwara miaka mitatu baada ya kufa kwa mzigo uliofanya ijengwe. Ilizaliwa yatima. Hata hivyo ilifanya kazi kwa miaka, ikabeba abiria na mazao ya wenyeji, chini ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Kisha mwaka 1962, miezi michache baada ya bendera ya uhuru kupandishwa, ikafungwa. Reli zikang'olewa. Stesheni zikabaki kuta, kisha hata kuta zikapungua.

Msomaji mwenye busara ataniuliza: wewe ungefanyaje? Serikali ilikuwa changa, hazina ilikuwa nyepesi, na reli isiyo na mzigo hula fedha kila siku, maana hata pasipo abiria mataruma huoza na madaraja huhitaji ulinzi. Nakubali yote haya. Sisemi kwamba waliofunga njia ile walikuwa wapumbavu, wala kwamba hasara waliyoiona ilikuwa ya uongo. Nasema kwamba walisoma daftari lenye mstari mmoja. Daftari lile lilikuwa limeandikwa na watu wa karanga, nalo liliuliza swali la karanga: tani ngapi zimetoka katika yale mashamba makubwa? Jibu lilikuwa hapana kitu.

Swali jingine halikuulizwa, yaani wakulima wa Masasi, Newala na Nachingwea walikuwa wakipanda nini kwa majembe yao wenyewe. Walikuwa wakipanda mikorosho. Mkorosho haukuhitaji trekta wala mkopo wa London. Mtu aliuchomeka mpakani mwa shamba lake la mihogo, akaungoja miaka mitatu au zaidi kabla ya kuona mbegu za kwanza, na miaka mingine mingi kabla haujashiba matunda. Mwaka reli ilipofungwa, mikorosho ilikuwa ardhini, yaonekana kwa macho, yakua. Hesabu ya mwaka mmoja haiwezi kupima mti wa miaka kumi. Katika msimu wa 1973 na 1974 Tanzania ilivuna korosho kiasi cha tani 145,000, na sehemu kubwa ya hizo ilitoka katika nchi ile ile ya kusini iliyong'olewa reli miaka kumi na moja kabla. Mzigo ulikuja, na gari lilikuwa limekwisha ondoka.

Walibeba nini basi? Walibeba kwa malori, katika barabara za vumbi ambazo masika huzigeuza tope. Kwa miaka arobaini kusini ilikuwa kama kisiwa. Mpaka daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, aliyetaka kwenda Dar es Salaam kwa njia ya pwani alikuwa hana budi kuvuka mto Rufiji kwa kivuko, na mvua zikizidi alilala ng'ambo. Hapana haja ya kutia chumvi. Sidai kwamba reli ingezuia ugonjwa wa ubwiri unga ulioipiga mikorosho, wala kwamba ingeponya madhara ya bei mbaya na ya kuhamisha watu vijijini, mambo yaliyoangusha mavuno miaka iliyofuata. Lakini zao lilianguka na likasimama tena, hata katika msimu wa 2017 na 2018 tani zikazidi 313,000. Mkulima wa kusini amekwisha thibitisha mara mbili kwamba ana mzigo. Leo serikali yapanga reli mpya kutoka Mtwara mpaka Mbamba Bay, penye ziwa Nyasa. Tutajenga tena pale tulipong'oa, na safari hii kwa bei ya dunia ya leo.

Kuna wasemao kwamba yote haya ni maji yaliyokwisha mwagika, na kwamba njia iliyoachwa ni njia iliyokufa tu. Si kweli, na ushahidi uko kwa jirani yetu wa upande wa pili. Reli ya Tanga ilifika Moshi mwaka 1911 na Arusha mwaka 1929. Baadaye, kwa uchakavu na kwa ushindani wa malori, ikanyamaza. Kwa miaka mingi stesheni ya Arusha ilikuwa mahali pa kuku na watoto wa mpira. Majani yaliota kati ya mataruma, na watu walijenga vibanda mpaka karibu na njia. Wengi waliapa kwamba gari la moshi halitaonekana tena. Lakini reli hazikung'olewa, tuta lilikuwapo, na ardhi ya njia ilibaki katika ramani kuwa mali ya umma. Mwaka 2019 gari la moshi lilifika tena Moshi, na mwaka 2020 likafika Arusha. Watu waliojaa stesheni kulipokea hawakuwa wakilia kwa mapenzi ya chuma. Walikuwa wakihesabu nauli.

Basi tupambanue mambo mawili ambayo husemwa kwa neno moja. Kuna stesheni iliyolala na kuna stesheni iliyong'olewa. Iliyolala yaweza kuamshwa kwa gharama ya matengenezo. Iliyong'olewa haina cha kuamshwa, na kila kitu hurudi mwanzo, tangu upimaji wa ardhi na fidia ya mashamba mpaka tuta, madaraja na deni. Arusha ililala. Kinyangiri na Nachingwea ziling'olewa. Tofauti haikutoka kwa Mungu wala kwa maendeleo ya ufundi. Ilitoka mezani, kwa kalamu ya mtu aliyeamua kwamba chuma chafaa zaidi mahali pengine.

Sasa turudi Babati. Mzigo wetu ni nini, na nani mwenyewe? Mgodi wa Minjingu ulianza kazi mwaka 1983, ukiwa mali ya serikali, ili ulishe kiwanda cha mbolea cha Tanga. Kiwanda kile kilifungwa mwaka 1991, na mgodi ukabaki kama mke aliyefiwa, ukitafuta wanunuzi wapya, hata ukaingia mikononi mwa watu binafsi. Huo ni mfano, hapa hapa nyumbani, wa mzigo mmoja wenye mnunuzi mmoja. Mfano wa pili ni mbaazi. Wakulima wa Gallapo na vijiji vingi vya wilaya hii walipanda mbaazi kwa sababu India ilinunua. Mwezi wa Agosti mwaka 2017 India ikaweka kikomo cha tani 200,000 kwa mbaazi za kutoka nje, na bei ikaporomoka hata wengine wakaziacha shambani. Hakuna aliyewauliza wakulima wa Gallapo. Wao, kama watu wa Nachingwea, walipata habari baada ya uamuzi.

Kama tawi la Minjingu litajengwa kwa hesabu ya fosfeti peke yake, basi uhai wake utategemea fosfeti peke yake. Siku bei ya mbolea ya dunia itakapoanguka, au mwenye mgodi atakapoona malori yamfaa zaidi, daftari la mstari mmoja litafunguliwa tena, na wajukuu wetu watawaonyesha watoto tuta la udongo na kuwaambia: hapa palikuwa na reli.

Wapo marafiki zangu wasemao: lori latosha. Lori huja mpaka shambani, lori haliulizi saa, lori ni uhuru. Nami nawauliza: uhuru wa nani? Lori ni la mwenye lori. Yeye ndiye asemaye bei ya kubeba, na bei ya masika si bei ya kiangazi. Pamoja na lori huja mnunuzi na gunia lake la lumbesa, lililoshonewa kilemba juu, ambalo mkulima hulijaza kwa kipimo cha debe saba na kulipwa kwa kipimo cha sita. Stesheni iliyo stesheni kweli ina vitu viwili ambavyo lori halina: mizani ya umma, na bei ya kusafirisha iliyobandikwa ukutani ambapo kila ajuaye kusoma aweza kuisoma. Mwenye magunia matatu ya mpunga kutoka Magugu husimama mbele ya mizani ile ile aliyosimama tajiri wa magunia elfu tatu. Wala sitaki lori lifukuzwe. Nataka liwe na wa kushindana naye, ili adabu iwepo.

Kwa hiyo nasema mambo matatu, na nayasema mapema, kwa sababu baada ya ramani kutiwa sahihi maneno huwa manung'uniko.

La kwanza, stesheni ya Minjingu isiwe lango la mgodi tu. Iwe na mahali pa kupokea mzigo mdogo, ghala la vyama vya ushirika na mizani ya wazi. Tena hesabu za tawi zifikiriwe mpaka Babati mjini, mwendo usiofika saa moja na nusu kwa gari, ambako barabara tatu hukutana na mahindi, mbaazi, alizeti na mpunga huletwa. Reli ikomayo machimboni imekoma kabla ya kufika kwa watu.

La pili, iwe sheria kwamba tawi lolote la reli likisimama kufanya kazi, hakuna chuma kitakachong'olewa wala kipande cha ardhi ya njia kitakachouzwa mpaka watu waishio kando yake wamesikilizwa hadharani, wilaya kwa wilaya, na mpaka ipite miaka ya kutosha kwa mti uliopandwa jana kuzaa. Njia ilale, isizikwe. Gharama ya kuilinda njia iliyolala ni ndogo ukiilinganisha na gharama ya kuizaa mara ya pili.

La tatu lawahusu wasomi, yaani sisi. Historia ya reli katika nchi hii imeandikwa kwa habari za magavana, wahandisi na mapauni. Mtu aliyepakia gunia lake la mwisho Nachingwea mwaka 1962, na yule aliyetazama reli zikipakiwa mabehewani Kinyangiri na kuondoka kwa njia ile ile zilizoijenga, hawamo katika vitabu. Waliobaki ni wachache na ni wazee sana. Mwanafunzi anayetafuta jambo la kuandika na aache kwanza kurudia yaliyokwisha andikwa, achukue daftari lake aende akawaulize. Kosa la mwanzo lilikuwa kwamba watu hawa hawakuulizwa. Sisi tusilirudie kwa kalamu.

Mababu zetu wa Babati waliiona barabara kuu ya kaskazini ikipita, nao wakajenga mji kando yake pasipo kuombwa na mtu. Hawakungoja kufanywa wenyewe, walijifanya. Reli haitupi nafasi hiyo, kwa maana haisimami popote mtu apungapo mkono. Husimama pale tu ilipoandikwa kwamba isimame. Basi na tudai kuandikwa sasa, kabla ya taruma la kwanza kulazwa, kwa jina letu na kwa mizigo yetu yote.